Fildi imechoka lakini mafuta bado yapo: namna ya kuyatoa yaliyobaki chini

Vijana wengi wananiuliza hili swali, hasa wale wa Hoima kule Uganda na wa Lokichar kule Kenya, kwamba visima vikishachoka inakuwaje, mnafunga tu mnaondoka? Mimi niko huku Oman ambako kuhangaika na fildi zilizochoka, yaani maeneo ya visima vya mafuta, ndo kazi yetu ya kila siku, na Kiswahili utakisikia mpaka kwenye kempu za jangwani, kwa hiyo acha niuweke utaratibu wote hapa kwa lugha yetu, mtu asome halafu akienda kwenye vitabu awe anajua anatafuta nini.

Kwanza tuelewane huko chini kukoje. Mafuta hayakai kwenye ziwa au pango, yamo ndani ya vitundu vidogo vidogo vya mwamba, mchanga uliogeuka jiwe au chokaa, na presha ya huko chini ndo inayoyasukuma mpaka kisimani. Presha hiyo peke yake mara nyingi inakupa mapipa 10 au 15 tu katika kila 100 yaliyoko, ukiongeza kusukuma kwa maji unaweza kufika 30 au 40, na wastani wa dunia unakadiriwa karibu 35. Aliyewahi kukamua nazi anaijua hii habari, tui la kwanza linatoka kwa kubana tu, la pili mpaka uongeze maji, ukitaka zaidi unatia maji ya moto, na bado machicha yanabaki na mafuta yake.

Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulifika karibu na mapipa 950,000 kwa siku halafu ukaanza kuporomoka, kufikia 2007 ulikuwa kama 710,000 na watu wengi walishaamini ndo basi tena. Baadaye ukapanda mpaka kama milioni moja mwaka 2016, na sehemu kubwa ya kupanda kule imetoka kwenye fildi za zamani, mafuta mazito na miamba migumu ambayo zamani watu waliiruka. Kwa hiyo ninachowaeleza hapa nimekiona kikifanya kazi.

Jambo moja nalisisitiza kabla sijaendelea: njia inafuata sababu. Kabla hujataja polima, yaani kemikali ya kuyafanya maji yawe mazito, wala mvuke, sema kwanza kwa nini mafuta yako yamebaki. Watu wengi wanaanza na njia kwa sababu wameisikia kwenye kongamano, wanamwaga hela, halafu wanalaumu mwamba.

Hatua ya kwanza: jua yaliyobaki yako wapi na kwa nini yamebaki

Kusanya rekodi zote, kila kisima, mwezi kwa mwezi, mafuta kiasi gani, maji kiasi gani, gesi kiasi gani, presha ngapi. Kwenye fildi ya miaka 40 rekodi nyingi utazikuta kabatini zimeandikwa kwa mkono kwa futi na pauni, na kuziingiza kwenye kompyuta ni kazi inayochosha hakuna mfano lakini hakuna hela utakayoitumia vizuri kuliko hiyo. Ukishazipanga, sababu kwa kawaida inaangukia kwenye mojawapo ya hizi nne, au mbili tatu kwa pamoja.

Presha imeisha. Hapo mafuta yapo lakini hayana wa kuyasukuma, na dalili yake ni gesi kupanda ghafla ukilinganisha na mafuta, kwa sababu presha ikishuka chini ya kiwango fulani gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta inajitenga na kutangulia yenyewe, inayaacha mafuta nyuma yakiwa mazito zaidi. Au maji yamekata njia ya mkato, yamepita kwenye tabaka linalopitisha vizuri au kwenye ufa, na mafuta yamebaki pembeni hayajaguswa. Au mafuta ni mazito mno hayatembei. Au yamenaswa, yaani maji yamepita vizuri kabisa lakini matone yamebaki yameng'ang'ania kwenye vitundu, na hayo hata uyasukume kwa maji miaka 50 hayatoki.

Kuzitofautisha kuna vipimo. Kifaa cha nyutroni kinashushwa ndani ya kisima cha zamani, kinasoma kupitia kesingi, yaani bomba la chuma linaloshikilia kuta za kisima, kinakuonyesha tabaka lipi bado lina mafuta na lipi limejaa maji, na huna haja ya kuchimba kisima kipya. Kemikali ya alama unaiingiza kwenye kisima cha kuingizia maji halafu unakaa unapima visima vya jirani, ikitokea baada ya miezi sawa, ikitokea baada ya siku mbili tatu kwenye kisima kilicho mita mia kadhaa jua hapo katikati kuna ufa na maji yako yote yanakimbilia huko. Chora pia grafu ya maji ya kila kisima, yakipanda polepole miaka mingi ni maji ya kawaida yanayosogea, yakiruka ghafla ndani ya wiki chache tafuta ufa au kesingi iliyotoboka.

Hatua ya pili: tengeneza visima ulivyonavyo

Hapa nawaomba mtulie maana ndo mahali penye mafuta ya bei rahisi kuliko yote na ndo mahali watu wanapapita haraka. Fildi nyingi zinazoitwa zimekufa, kilichokufa ni visima.

Anza na sampuli. Fungua vali ndogo pale kwenye kichwa cha kisima, acha majimaji yatoke kidogo kwanza maana yaliyolala kwenye bomba yanadanganya, halafu jaza chupa, ipeleke maabara wazungushe kwenye mashine mpaka maji yatengane na mafuta, usome asilimia. Rudia saa tofauti za siku. Kisima kimoja kinaweza kukupa asilimia 70 ya maji asubuhi na 95 mchana, na ukichukua sampuli moja tu kwa mwezi unafanya maamuzi ya hela nyingi kwa kubahatisha. Na tafadhali, kama fildi ina haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu, usisogee bila kifaa cha kupima na cha kupumulia, hiyo gesi ikifika sehemu 100 kwa milioni inaua pua usiisikie tena harufu yake, mtu anadhani imeisha kumbe ndo imezidi.

Halafu pima kimo cha majimaji kisimani. Unapiga mlipuko mdogo wa gesi kwenye nafasi kati ya bomba na kesingi, mwangwi unarudi, kifaa kinakwambia majimaji yako mita ngapi. Kama yamejaa juu na pampu inatoa kidogo, pampu imechakaa au ndogo. Kama yako chini kabisa na pampu inapiga hewa, shida iko kwenye mwamba karibu na kisima, pengine pameziba kwa nta au kwa ukoko wa chumvi au kwa tope la wakati wa kuchimba. Kwenye mwamba wa chokaa, asidi ya hidrokloriki ya kama asilimia 15 inafungua vizuri, ila kwenye mchanga usikurupuke, hapo mchanganyiko ni mwingine na ukikosea unaziba zaidi. Mafuta ya Lokichar na ya Ziwa Albert yana nta nyingi, kwa hiyo wa huko jiandaeni mapema na mpango wa joto na wa kukwangua bomba kabla halijaziba.

Maji nayo yafungieni yanakoingilia. Kisima kinachotoa mapipa 1,000 kwa siku, 950 maji na 50 mafuta, kinalipia umeme na kemikali na usafishaji wa mapipa yote 1,000. Kipimo cha mtiririko kikionyesha maji mengi yanatoka tabaka moja la chini, weka plagi hapo, au sukuma jeli ya kuziba, ukibaki na maji 300 na mafuta 45 umepoteza mapipa matano lakini gharama imeanguka na umepata nafasi kwenye mtambo ya kufungulia kisima kingine.

Kuchimba visima vipya katikati ya vile vya zamani au kutoboa tawi kutoka kisima cha zamani ni hatua nzuri pia kama kweli umeona mfuko wa mafuta ambao haujaguswa. Lakini Yibal, mojawapo ya fildi kubwa kabisa za hapa Oman iliyogunduliwa 1962, walichimba visima vingi vya kulala, yaani vinavyopinda na kwenda kwa ulalo ndani ya tabaka, miaka ya 1990, uzalishaji ukapanda vizuri, halafu maji yakaja na mafuta yakashuka kwa kasi. Kisima cha kulala kinavuta haraka, yaliyoko na maji yaliyo chini yake vilevile, kwa hiyo jua umbali wa maji kabla hujalaza.

Hatua ya tatu: maji, na hapa ndo pa kukaa

Kusukuma kwa maji kulianza Pennsylvania kwa ajali, maji yalivuja kwenye visima vibovu na visima vya jirani vikaanza kutoa zaidi, na ilikuwa kinyume cha sheria mpaka 1921. Leo ndo njia inayotoa mafuta mengi zaidi ya ziada duniani. Ekofisk huko Norway, iliyogunduliwa 1969, mpango wa kwanza ulikuwa watoe kama asilimia 17 tu, wakaanza kuingiza maji 1987 na sasa wanahesabu karibu nusu. Presha ilivyoshuka pale sakafu ya bahari ilizama mpaka wakalazimika kuyanyanyua majukwaa kwa mita 6, kwa hiyo presha inashikilia mwamba pia.

Hesabu ya msingi ni hii, unachotoa urudishe. Tuseme kikundi cha visima kinatoa mafuta mapipa 400 na maji 1,600 kwa siku. Mafuta yakiwa chini yana gesi ndani yake yanachukua nafasi kubwa zaidi, tuseme mara 1.2, kwa hiyo 400 ni 480 huko chini, jumlisha 1,600 unapata 2,080, hayo ndo maji ya kuingiza kila siku ili presha isishuke. Kama imeshashuka unaingiza zaidi kwa muda. Na hesabu hii fanya kwa kila kikundi peke yake, maana jumla ya fildi nzima inaweza kutoka sawa wakati upande mmoja unafurika na mwingine unakufa kiu.

Usizidishe presha ya kuingizia mpaka ukapasua mwamba bila kukusudia, maana ufa ukifunguka kuelekea kisima cha mafuta maji yote yanapitia hapo. Pandisha kwa hatua, kila hatua andika presha na kiasi kinachoingia, mahali mstari unapokatika na maji kuanza kuingia kwa urahisi ghafla ndo mwamba umepasuka, rudi chini ya hapo ukae.

Ubora wa maji ni kitu ambacho watu wanakidharau. Chuja mchanga na matone ya mafuta, toa oksijeni isile mabomba, ua bakteria wanaokula salfeti maana wao ndo wanaogeuza fildi iliyokuwa safi ikaanza kutoa haidrojeni salfaidi. Maji ya bahari yana salfeti, maji ya chini mara nyingi yana bariamu, vikikutana vinatengeneza ukoko mgumu ambao asidi ya kawaida haiutoi, kwa hiyo changanya kwanza maabara uone kabla hujachanganya kisimani.

Na kila baada ya muda badilisha mwelekeo, funga kisima hiki cha maji miezi kadhaa, fungua kile, geuza kisima cha mafuta kilichojaa maji kiwe cha kuingizia. Inagharimu kidogo sana, na mafuta yaliyokuwa pembeni yanaanza kusogea.

Hatua ya nne: sasa ndo uchague njia nzito

Kama mafuta ni mazito kiasi, maji yanapenya katikati yake na kuyaacha. Fildi ya Marmul huku kusini mwa Oman mafuta yana mnato, yaani ugumu wa kutiririka, wa kama sentipoisi 90 wakati maji huko chini hayafiki hata 1, unaweza kuona mwenyewe nani atatangulia. Walijaribu polima pale miaka ya 1980, wakaacha, wakarudi nayo kwa ukubwa 2010 kwa visima 27 vya kuingizia. Polima inayafanya maji yawe mazito, pale yalipelekwa mpaka kama 15, basi yanasukuma kwa pamoja badala ya kukimbia. Ni unga, unauchanganya na maji taratibu usifanye madonge, maji yakiwa na chumvi kidogo unatumia unga kidogo, na lazima oksijeni isiwepo. Adui yake mkubwa ni kukatwakatwa: vali iliyobanwa sana au pampu ya kasi inaikata minyororo yake na unaingiza maji ya kawaida uliyoyalipia bei ya polima. Kwa hiyo pima mnato pale pale kwenye kichwa cha kisima, na chupa ya sampuli ijaze polepole, ukifungua vali kwa nguvu unaikata mwenyewe wakati wa kupima. Joto likizidi nyuzi 80 hivi na chumvi ikiwa kali, polima ya kawaida haivumilii, tafuta aina nyingine au njia nyingine.

Mafuta mazito kabisa yanataka mvuke. Fildi ya Mukhaizna hapa Oman ilikuwa inatoa mapipa elfu chache tu, mwendeshaji mpya alipoichukua 2005 na kuweka mvuke ikapita 100,000 kwa siku. Joto likifika kama nyuzi 200 mnato wa mafuta mazito unashuka mara mia na zaidi. Lakini angalia kina, ukipita kama mita 1,400 joto linaishia njiani, na tabaka likiwa jembamba unapasha miamba isiyo na kitu. Kila siku fuatilia umetumia mapipa mangapi ya maji yaliyogeuzwa mvuke kwa pipa moja la mafuta, matatu mpaka matano ni kawaida, yakiendelea kupanda unachoma gesi bure. Na gesi huku ina kazi nyingine, umeme na kuuza nje, ndo maana kwenye fildi ya Amal wakajenga mtambo wa mvuke wa jua unaoitwa Miraah, vioo vimewekwa ndani ya nyumba za kioo ili vumbi la jangwa lisivimalize, mvuke wa kwanza ukatoka 2017. Mimi naamini nchi yoyote yenye jua kama letu na mafuta mazito ingepaswa kuipigia hesabu hii kwanza.

Fildi ya Qarn Alam, pia hapa Oman, ni mwamba wa chokaa wenye nyufa kila mahali, ukiingiza maji yanapita kwenye nyufa tu, kwa njia za kawaida ingetoa asilimia chache sana. Pale mvuke unajaza nyufa, unapasha mwamba kutoka nje, mafuta yanalainika yanadondoka yenyewe mpaka kwenye nyufa halafu yanateremka kwa uzito wake chini ambako visima vinayasubiri. Huo ni mfano mzuri wa ninachosema, tatizo la nyufa limegeuzwa likawa njia.

Mafuta mepesi yaliyonaswa yanataka gesi inayoyeyuka ndani yake. Texas wameingiza kabonidayoksaidi kwenye fildi ya SACROC tangu 1972, na Weyburn huko Kanada wameipata tangu 2000 kwa bomba la kilomita kama 320 kutoka North Dakota Marekani. Inahitaji kina cha kutosha, kuanzia kama mita 800, ili presha iwezeshe kuchanganyika. Harweel hapa Oman wanatumia gesi yao wenyewe yenye haidrojeni salfaidi, inarudishwa chini na kuyaosha mafuta. Kama gesi inakimbia mbele, ipishanishe na maji kwa zamu. Safaktanti, yaani kemikali za jamii ya sabuni, nazo zinayabandua matone yaliyonaswa, Daqing huko China wameitumia sana wakichanganya na alkali na polima, lakini ni ghali na mwamba wenyewe unazinyonya, kwa hiyo ziweke mwisho kwenye orodha.

Chochote utakachochagua jaribu kwanza kwenye vipande vya mwamba wako mwenyewe maabara, kwa mafuta yako na maji yako na joto lako, halafu eneo dogo la visima vichache, kisima kimoja katikati na vya kuingizia pembeni, karibu karibu ili jibu lije mapema. Kabla ya kuanza andika matokeo gani yatakufanya uendelee na yapi yatakufanya uache, kila mtu asaini, maana baada ya hela kutumika hakuna anayekubali kuacha.

Maji yanayotoka utayapeleka wapi? Panga hili mapema. Nimr huku kusini kwa kila pipa moja la mafuta kunatoka kama kumi ya maji, wakapanda matete kwenye mabwawa makubwa jangwani, maji yanapita humo kwa mteremko tu, mafuta yanaondolewa mwanzoni na mabaki yanaliwa na vijidudu vya kwenye mizizi, bila pampu za kusukuma chini kwa presha kubwa. Ndege wanaohama wanatua hapo.

Kwa wenye gesi, maana Tanzania ni gesi, mambo ni tofauti kidogo. Gesi inatoka vizuri yenyewe, asilimia 80 na zaidi kama maji hayaingii, kwa hiyo usiingize maji. Shida inakuja presha ikishuka, gesi inashindwa kubeba majimaji yaliyoko kisimani, yanajaa chini yanaziba. Unaweka bomba jembamba zaidi ndani ili kasi ipande, au unatia kemikali ya povu, au unaweka kompresa juu ivute gesi kwa presha ya chini, kama ilivyofanyika kwenye fildi ya gesi ya Songo Songo 2022 baada ya miaka kama 18 ya uzalishaji.

Na kujua wakati wa kufunga ni sehemu ya kazi hii. Kila kisima kipigie hesabu yake, mafuta yake yanalipa umeme, kemikali, maji na watu au hayalipi, na kama hayalipi miezi mfululizo na umeshapita hatua zote hizo, kifunge vizuri. Plagi ya sementi ikae mbele ya tabaka la mafuta na nyingine ilinde maji matamu ya juu, kila moja ipimwe kwa presha, na ripoti ihifadhiwe mahali ambapo injinia wa miaka 30 ijayo ataipata, kwa sababu siku wakija kuingiza kabonidayoksaidi kwenye fildi hiyo, visima vya zamani visivyojulikana vilifungwaje ndivyo vitakavyoanza kuvuja.